Mashine Yangu Kuukuu na Kesi ya Mwanangu

Mimi nimechimba visima kutoka Gazi hadi Msambweni kwa mikono hii, na shule niliiachia darasa la tatu. Kwa hiyo hoteli moja ya Diani ilipofunga milango ikauza vyombo vyake, nami nikanunua kompyuta nikaiweka ofisini kwangu Ukunda, watu walikuja kuitazama kama bibi harusi. Nikamwajiri msichana wa kutoka bara aniandikie barua. Nilijiona nimefika.

Mwaka ule mwanangu, mcheza sarakasi aliyekwenda Ulaya na kikundi cha hotelini, alikamatwa bandarini hukohuko. Walidai pasipoti si yake. Jumatatu wakili wake akanipigia simu: jaji anakaa Alhamisi asubuhi, anataka cheti cha kuzaliwa na kiapo changu. Faksi tulikwisha kupeleka, mihuri ikatoka madoa meusi, mahakama ikaikataa. Sasa nakala ziingizwe kwa mtandao moja kwa moja katika seva, ile kompyuta kuu ya ofisi yake, mahali ambapo hapana mtu wa kuzichezea njiani.

Jumanne asubuhi duka la picha likanitilia karatasi zangu kwenye disketi. Msichana akaunganisha simu, mashine ikapiga kelele zake, ukatokea ukurasa wa masharti. Akanisomea. Kivinjari, yaani ile programu ya kufungulia kurasa, kiwe kipya kuliko chetu. Kufuli yake ya siri, ile inayofunga karatasi zisisomwe njiani, iwe nzito. Kumbukumbu ya mashine iwe mara mbili ya tuliyokuwa nayo.

"Mzee, haitaweza," akasema. "Hii mashine ni ya kitambo. Hiyo seva inaangalia kufuli yako kwanza. Ikiona ni nyepesi, haifungui. Twende ile hoteli ingine ya Diani, wako na mpya."

"Ya kitambo kwako! Mimi pia ni wa kitambo, na visima vyangu vina maji. Jaribu tena."

Sikumwambia kwamba karani wa hoteli ile niliwahi kumcheka mbele ya watu, nikamwita mwanamume wa kubonyeza vitufe. Msichana akajaribu hadi jioni. Kila mara ukurasa uleule.

Jumatano adhuhuri nikaenda.

"Shikamoo, mzee," akasema karani. "Umekuja kuvitazama vitufe?"

"Marahaba. Nimekuja kuomba."

Akaacha kucheka, akanivutia kiti. Mashine yake ilikuwa na nguvu, ila kivinjari chake nacho kilikuwa na kufuli nyepesi. Akaanza kuvuta kipya kwa waya wa simu. Kilikuja tone kwa tone. Simu ikakatika, tukaanza upya. Ikakatika tena. Kisimani nilijua kwamba nikiongeza jasho, maji yatakaribia. Pale jasho langu halikuwa na kazi yoyote. Usiku kucha nilikaa nikiomba Mungu kimoyomoyo, macho kwenye kioo.

Alhamisi saa saba mchana ndipo ukurasa ulipoandika kwamba zimepokewa. Nilimshika yule bwana mkono nikashindwa kumwachia.

Jioni wakili akapiga. Jaji alikaa asubuhi, karatasi hazijafika. Mwanangu atabaki ndani miezi minne, mpaka kesi itajwe tena.

Nyumbani nilimkuta mke wangu ameketi kizingitini. Nikamweleza habari za waya, za kufuli, za simu kukatika. Akasikiliza yote.

"Baba watoto, yule msichana alikwambia lini mwende Diani?"

"Jumanne asubuhi."

Akainuka, akaingia ndani.