Siku Mama Nyavu Aliposhona Mbele ya Watu

Wengi walimfahamu kwa jina la Mama Nyavu, na kwa miaka mingi aliujua uwanja wa michezo alikofanya kazi ukiwa mtupu tu. Leo anashona nyavu za magoli, kesho za mpira wa wavu kwenye ukumbi wa ndani, keshokutwa anaziba turubai lililochanika kwenye tamasha la muziki. Uwanja haukupumzika: riadha, ndondi, mahafali, hata harusi za koo kubwa. Lakini mpira wa miguu ndio uliokuwa mwenye nyumba. Mengine yote yalikuwa wapangaji.

Siku za mechi alibaki nyumbani na redio. Aliogopa umati.

Mumewe, kinyozi, alikuwa shabiki kindakindaki wa Kijani, timu ya ng'ambo ya mto. Mama Nyavu alikuwa Mwekundu damudamu, wa timu ya upande wa huku. Timu hizo mbili za watani zilipokutana fainali, kinyozi alimng'ang'ania.

"Leo unakuja, mama watoto. Uone tunavyowafunga."

"Yaani unanialika kwenye msiba wangu?"

"Nakualika kwenye sherehe yangu!"

Akaenda, mkoba wa kazi kwapani, maana bila mkoba ule alijiona kama hajavaa. Akakaa katikati ya mashabiki wa Kijani, kajikunyata kama kifaranga kilichonyeshewa.

Kipindi cha pili, mshambuliaji wa Kijani akaachia shuti la kuvunja ukuta. Mpira ukaingia golini, ukapasua wavu, ukatokea upande wa pili mpaka kwenye njia ya wakimbiaji. Mwamuzi akakubali goli, lakini akakataa mchezo kuendelea na tundu lile. Wafanyakazi wakajaribu kulifunga kwa kamba za viatu. Wapi!

Kipaza sauti kikalia: "Kama Mama Nyavu yupo, tafadhali ateremke."

Akainamisha kichwa. Kinyozi akasimama juu ya kiti. "Yupo hapa! Mke wangu huyu!"

Mashabiki wa Kijani wakamsindikiza hadi chini, na alipokanyaga majani, Wekundu nao wakalipuka kwa shangwe. Akafungua mkoba. Uzi ukagoma kuingia kwenye sindano.

Kipa wa Wekundu, pande la mtu, akapiga goti kando yake. "Tulia, mama yangu. Aliyefungwa ni mimi. Wewe umekosa nini?"

Mama Nyavu akacheka, na kicheko kile kikamrudishia mikono yake. Sindano ikaanza kwenda. Kila alipovuta uzi, jukwaa moja likaita "Heee!" na la pili likaitikia "Yaaa!" Watani waliotukanana tangu asubuhi sasa walikuwa kwaya moja. Alipokaza fundo la mwisho na kuinua sindano juu, uwanja mzima ukasimama. Naye, mwoga wa watu, akajikuta anapunga mikono kama bibi harusi.

Hakurudi kitini. Akasimama nyuma ya goli, akipiga kelele mpaka sauti ikakaribia kukauka. Wekundu wakasawazisha dakika za mwisho, mambo yakaenda kwenye penalti, zote kwenye goli lile lile. Penalti ya mwisho ya Kijani, ya ushindi, ikapita mkono wa kipa na kugonga palepale Mama Nyavu aliposhona. Wavu ukavimba, ukarudi.

"Umeshika!" Mama Nyavu akapiga kelele, akiruka. "Jamani, wavu umeshika!"

Wekundu wenzake wakamgeukia kwa mshangao. Kipa, aliyekuwa amelala chini na huzuni zake, akaanza kucheka mpaka machozi.

Kinyozi akamkuta kwenye lango la uwanja. "Pole kwa kufungwa."

"Nani kafungwa? Uliona fundo langu lakini?"

"Nimeliona. Nimewaambia watu wote wa jukwaa letu ni la mke wangu, hadi wakaniambia ninyamaze."

Jumamosi iliyofuata, kinyozi hajamaliza kumnyoa mteja wa kwanza, mkewe kasimama mlangoni, viatu miguuni.

"Fanya haraka, tuwahi nafasi nzuri."

"Kwani leo wanacheza nani na nani?"

"Sijui, baba. Twende tu."