Nilivunja Vidole vya Trésor na Mwiko wa Bukari

Ile siku mu nyumba yetu ya Saint-Gilles, huku Ulaya, tulikuwa watu ine. Miye, Kambo wao, ndiyo kusema bibi. Trésor, mutoto wa binti yangu Clémentine, kijana mukubwa tayari, mupiga gitaa wa kwaya. Fifi, binti wa marehemu mwana wangu Gaspard, alikuwa ametoka Zaïre juzi juzi, Kifaransa hajajua bado. Na Papa Norbert, bwana ya Clémentine, analala chumbani. Clémentine mwenyewe alikuwa kazini Uccle. Mwenye kosa ni miye. Hakuna mwingine!

Trésor alipendaka bande dessinée za zamani, vile vitabu vya picha vyenye kunuka cave, ule unyevu wa chini ya nyumba. Ndani muko kijana Jolino, anazunguka mu nyota na chombo cha chuma na gitaa yake. Akigusa nyuzi, vichwa vya maadui vinapasuka. Damu ya kijani ukurasa muzima!

"Kambo, siku moja nitapiga kama yeye," aliniambiaka.

"Upasue vichwa vya nani?"

"Vya wenye kuimba vibaya kwa kwaya!" Tukacheka.

Bon. Niko cuisine, nasonga bukari, ule ugali wetu. Nasikia Trésor kwa salon, sauti ya chini: "Leo Kambo lazima akufe."

Fifi anauliza: "Tunamuua namna gani?"

"Tunamupasua kichwa. Ameishi sana, huyu Kambo."

Na Fifi anacheka!

Mama yangu wee! Kambo mu ile nyumba ni nani kama si miye? Nikamukumbuka Maman Eulalie, jirani wetu kule Lubumbashi. Wajukuu wake walisema ni mulozi, ni muchawi, wakamumaliza na mawe. Na miye nilikuwa nyuma ya mulango, nasikia.

Sikuuliza. Nilitoka na mwiko, bukari ya moto ingali juu yake, nikamupiga kwa bega.

"Kambo, ni nini?"

Akainua mukono wa kushoto kujikinga. Nikapiga. Kwa! Vidole vikalia kama kuni kavu. Sikuacha! Nilipiga ule ule mukono juu ya meza mpaka mwiko ukapasuka. Bukari ikamushika ngozi, akalia kama mbuzi ya kuchinjwa. Fifi akanirukia, nikamusukuma, akaanguka kwa radiateur, kile chuma cha kupasha nyumba moto, kinywa kikajaa damu.

Papa Norbert akatoka mbio, akanikamata. "Maman, unaua mutoto!"

"Ni yeye anataka kuniua!"

Fifi akainua kitabu, damu inadondoka juu yake. "Kambo, ni huyu! Ni wa mu kitabu!"

Picha ya muzee mwanamuke, macho tatu, adui wa Jolino. Kifaransa kilimuita Grand-Mère, ndiyo kusema Kambo. Trésor alikuwa anamugeuzia Fifi mu Swahili yetu. Ni ile tu!

Kwa hopitali, Trésor alidanganya ni mulango wa motokari. Docteur akaangalia ngozi ya kuungua, akaniangalia miye, akaandika mulango wa motokari.

Vidole viwili havikujikunja tena. Trésor akahamia Matonge, mutaa ingine ya hapa hapa. Tukikutana kwa misa ananiambia: "Bonjour, madame." Madame! Si Kambo tena! Afazali angenitemea mate!

Wazee wenzangu, mukisikia jina lenu nyuma ya mulango, ulizeni kwanza: "Munasema nani?" Ulizeni, mikono mitupu!

Papa Norbert anasema nilipiga mara tatu tu. Fifi, wewe ulikuwa pale. Kama nimekosea, unisahihishe. Miye mu masikio ningali nasikia mara nyingi zaidi.