Majani yaliyooza juu ya kibodi yangu

Leo nimemwagiwa majani ya chai yaliyooza juu ya kibodi, hapa ofisini Makambako.

Aliyeyaleta ni mama mkulima wa Lupembe. Lori halikufika kuyachukua, maana mfumo wetu wa kuita malori haukumtumia dereva ujumbe.

Nikafungua msimbo wa programu. Mtu katunga klasi mpya ya lori, yaani kiolezo kinachorithi klasi mzazi, akaipa konstrakta yake ya kuiandaa inapoanza, bila kuiita ile ya mzazi. Na ya mzazi ndiyo inayopakia namba za simu za madereva.

Nikafoka: "Mpumbavu gani kaandika uchafu huu?"

Tumaini, mwenzangu wa meza ya pili, akanigeuzia skrini.

Jina la aliyeandika ni langu. Wiki iliyopita tu.

Mama akanisukumia mfuko. "Haya mwanangu, zoa."

Nimezoa. Nimenawa mara tatu, vidole bado vinanuka.

Nyie mmewahi kujitukana mbele ya watu?