Jina kwenye Kisanduku cha Intaneti

Niliandika jina langu kwa uvivu tu. Nalisema hili mapema kwa sababu wapo watu wa ukoo wetu ambao hadi leo wanaamini niliandika kwa hila, na mimi sina nguvu ya kuwazungukia mmoja mmoja kuwaeleza.

Baba alikuwa amefariki, tukamzika kwenye kibanja chake, shamba la nyumbani, huko Muleba, kati ya migomba na mibuni aliyoipanda kwa mikono yake. Hakuacha wosia. Alikuwa mtu wa kusema "tutaandika wiki ijayo", na wiki ijayo ikamkuta kaburini. Kwa hiyo ukoo ulipanga kukutana Jumamosi moja kumtaja mrithi na kuandika muhtasari wa kikao, ule ambao mahakama inautaka kabla ya kufungua mirathi. Kaka yangu, mtoto wa kwanza wa kiume, alikuwa ameshapanda ndege kurudi kazini ng'ambo, na ruhusa nyingine asingepata.

Pengo hilo ndilo alilokuwa analichungulia baba mdogo. Kibanja chake kinapakana na cha baba. Tangu msibani alikuwa akitupa maneno pembeni: kaka yenu yuko mbali, migomba inataka jicho la mwanamume, mama yenu kazeeka, aende akapumzike Bukoba kwa binti yake, yaani mimi, na yeye mwenyewe atatutunzia kibanja. Kututunzia! Mimi ni mwalimu wa hesabu, najua vitu vinavyotunzwa namna hiyo vinaishia wapi. Mama alikuwa na haja moja tu duniani, nayo ni kubaki kwenye nyumba ile, afie pale, azikwe kando ya mume wake. Nyumba yangu ya Bilele, pale Bukoba mjini, aliipenda kwa siku tatu. Siku ya nne angeanza kuuliza kuku wake wanakula nini.

Nikaona dawa ni intaneti, ili kaka aingie kwenye kikao kwa picha na sauti. Nikanunua kisanduku cha kampuni ileile inayonihudumia Bilele, kile cha kuweka laini ndani, nikakipeleka Muleba siku kumi kabla ya kikao. Nikakiweka juu ya kabati la vyombo, chini ya picha ya baba, mahali ambapo mawimbi yalishika vizuri. Nyuma yake palikuwa na karatasi yenye jina la mtandao la kiwandani, herufi na namba zimechanganyika, na nywila ndefu ambayo hata mimi nilikosea kuinakili mara mbili. Nikafungua ukurasa wa mipangilio kwenye simu, nikafika penye jina la mtandao, nikafuta yale ya kiwandani. Kisha nikaandika jina na nywila vilevile vya nyumbani kwangu Bilele. Sababu ilikuwa moja: simu yangu na za wanangu zilikwisha kuvijua. Tungefika Muleba zikajiunga zenyewe bila mtu kuniuliza nywila kila baada ya dakika tano.

Jina lenyewe lilikuwa "Nyumbani kwa", likifuatiwa na jina langu. Nikabonyeza hifadhi, taa ikageuka kijani, nikanywa chai na kurudi zangu mjini.

Siku ya pili yake mama akanipigia.

"Mwanangu, umeandika nini kwenye hicho kisanduku?"

"Kwani kuna nini, mama?"

"Baba yako mdogo alikuja jioni, akakaa barazani kama kawaida. Akatoa simu, akaitazama, akaitazama tena. Akaondoka bila kumaliza chai yake. Leo nasikia anazunguka kwa wazee."

Mtu wa Kihaya akiacha chai yako nusu, jua hapo pana neno. Niliona mara moja kile alichokiona yeye kwenye orodha ya mitandao ya simu yake: kibanja cha ukoo, mwenyewe hajamaliza hata miezi miwili ardhini, na tayari kimeandikwa jina la binti. Tena binti aliyeolewa ukoo mwingine, ambaye watoto wake ni wa huko. Hata angenitukana hadharani ningeona afadhali.

Ningeweza kulibadili jina siku hiyohiyo. Lakini lazima ukae karibu na kisanduku ndipo ukurasa ule ufunguke, na shuleni tulikuwa na mitihani. Tena, niseme kweli, nilikuwa na kiburi. Nilijiambia watu wazima hawawezi kugombea ardhi kwa neno lililoandikwa kwenye simu. Wiki nzima nikasahihisha makaratasi huku moyo hautulii.

Jumamosi nilifika Muleba saa tatu asubuhi nikidhani nimewahi. Wazee walikwisha kuketi. Walikuwa wanne kwa jumla: wazee wawili, mwenyekiti wa ukoo, mzee mwenye sikio moja zito, na baba mdogo ambaye ndiye katibu kwa kuwa ana mwandiko mzuri. Daftari lilikuwa limefunguliwa mezani. Niliwaamkia, wakaitikia kwa sauti ndogo. Niliwasha kompyuta yangu, kaka akatokea kwenye kioo amevaa shati jeupe, akawaamkia wote. Aliitikiwa vizuri kuliko mimi.

Baba mdogo hakungoja ajenda. Alitoa simu yake, akampa mwenyekiti.

"Waitu, mzee wangu, kabla hatujataja mrithi, soma hapo. Inawezekana ameshatajwa."

Mwenyekiti akavaa miwani. Simu ikapita mkono kwa mkono, kila mzee anasoma jina langu kwa midomo bila kutoa sauti. Nilijisikia kama mwanafunzi aliyekamatwa na kikaratasi kwenye mtihani.

"Mwalimu," baba mdogo akanigeukia, "hapa ni nyumbani kwa nani?"

Nilieleza. Nilieleza uvivu wangu, nywila, simu za watoto. Nilivyozidi kueleza ndivyo ilivyozidi kusikika kama uongo. Mzee mmoja akauliza kama simu haiwezi kujua jingine. Baba mdogo akatikisa kichwa kwa huzuni ya kujitengenezea, akasema yeye hamlaumu mtoto. Alichokuwa anaogopa ni hiki tu: mama amekwisha kuhamishiwa kwa binti kimyakimya, na kibanja kitafuata. Ni heri ukoo ukishike mapema, na mama aende Bilele kwa heshima.

"Nitalibadili sasa hivi," nikasema. "Niandike la kaka?"

"Kwa hiyo mmeshateua," akasema baba mdogo.

"Basi la baba."

Mwenyekiti ndiye aliyekataa hilo. "La baba yako litashikwa na mrithi. Na mrithi ndiye tuliyekuja kumtafuta."

"Basi nitarudisha namba za kiwandani!" Sauti ilinipanda, nikaona aibu papo hapo.

"Andika langu," mama akasema.

Alikuwa amekaa mkekani karibu na mlango wa jikoni tangu asubuhi, kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna mapajani. Wote tukamgeukia.

Baba mdogo akacheka, tena kicheko chepesi cha mtu aliyetuliwa mzigo. "Hilo halina neno. Shemeji si wa ukoo huu. Jina lake halichukui hata mgomba mmoja."

Wazee wakakubali kwa vichwa. Miaka hamsini na miwili ameilima ardhi ile, na jina lake lilipita bila kupingwa kwa sababu lilikuwa la mtu baki. Nilitaka kusema kitu ambacho kingevunja kikao. Mama akanikazia macho, nikameza.

"Lipi, mama?" nikamuuliza. Maana kijijini yeye ni mama wa fulani, na kanisani anaitwa kwa jina la ubatizo.

"Lile nililopewa kwa baba yangu."

Akanitajia. Nikaliandika kwenye simu yangu, nimesimama penye kabati chini ya picha ya baba, nikabonyeza hifadhi. Taa ikazimika. Na hapo ndipo nilipokumbuka jambo ambalo mtu anayefundisha hesabu hakupaswa kulisahau: ukibadili jina la mtandao, kila kilichojiunga kinakatika. Kwenye kioo kaka alikuwa ameganda, mdomo wazi. Kisha akatoweka.

Baba mdogo akachukua kalamu. "Asiyekuwepo na lake halipo, mwenyekiti. Tuendelee. Napendekeza kibanja kishikwe na ukoo chini ya uangalizi wangu, na shemeji ahamie Bukoba kwa binti yake. Nani anapinga?"

Nilikuwa natafuta mtandao kwenye kompyuta, siuoni. Taa ya kisanduku ilikuwa inapepesa nyekundu. Binti hapingi katika kikao cha aina hiyo. Anaruhusiwa kuwepo, na hapo ndipo penye mwisho. Mwenyekiti alikuwa anavuta pumzi ya kujibu.

Mama akainuka. Alikwenda kwa mwenyekiti, akapiga magoti, akamnyooshea kikapu cha kahawa.

Hakuna mzee wa kwetu anayeikataa kahawa ya mwenye nyumba, wala anayeongea jambo zito huku mwenzake ananyooshewa. Mwenyekiti akachagua punje mbili, akashukuru. Mama akamuuliza hali ya mguu wake. Akahamia kwa wa pili, akapiga magoti tena, taratibu, mkono mmoja sakafuni, akamuuliza habari za mjukuu aliyelazwa. Kwa wa tatu vilevile. Magoti yake mabovu niliyasikia yakilia. Baba mdogo alikuwa anagonga kalamu kwenye daftari, lakini zamu yake ilipofika naye ilimbidi aweke kalamu chini, apokee kwa mikono miwili na kutafuna.

Taa ikageuka kijani. Nikatafuta kwenye orodha, jina la mama likawa la kwanza. Nikaandika nywila, nikakosea, nikaandika tena. Kaka akarudi.

"Nimesikia mpaka pale pa jina," akasema. "Wazee wangu, mimi naomba moja tu. Mama abaki hapo. Mengine yote nitawasikiliza."

Mwenyekiti alitafuna kahawa yake mpaka ikaisha. Kisha akasema mrithi ni kaka, kama ilivyo desturi, na mjane wa marehemu atakaa katika nyumba hiyo mpaka mwisho wa maisha yake, na asiwepo wa kumhamisha. Hakupandisha sauti. Wazee wakaitikia. Baba mdogo akaandika, kwa mwandiko wake mzuri, kisha akasoma: "Mjane wa marehemu ataendelea kuishi..."

"Shemeji," mama akamkatiza, "wajane kijijini hapa ni wengi. Andika jina."

"Jina gani?"

"Umeliruhusu mwenyewe sasa hivi."

Hakulikumbuka. Alimtazama mwenyekiti, mwenyekiti akatazama daftari na kungoja. Basi baba mdogo akatoa simu yake ileile mfukoni, akaisogeza mbali na macho, akafungua orodha ya mitandao, akaanza kunakili herufi moja moja.

Alipomaliza, mama akamwambia asome kwa sauti. Akasoma. Nilikuwa na miaka arobaini na tisa, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia mtu wa ukoo wetu akilitamka.