Mkwe Aliyekataa Kuzima Mtambo

Mke wa mwanangu ni mtu wa maneno machache, na mimi kwa miaka minne nilidhani ni maringo. Unamsalimia, anaitika, basi. Ukimwuliza kazini kwao wanafanya nini, anasema, "Tunaangalia simu, mama."

Kuangalia simu! Mimi nimefua shuka za hospitali miaka ishirini na miwili, mikono ikababuka kwa dawa, halafu mtu anatoka asubuhi na viatu vyake vizuri kwenda kuangalia simu, na jioni anarudi kachoka. Nilimwambia mwanangu waziwazi: hapa hujaoa mke, umeoa kiti.

Sasa kuna siku simu za mji zilizimika saa tatu nzima. Tangu siku hiyo mkwe wangu akawa hali chakula vizuri. Nikambana jikoni, anamenya vitunguu, mpaka akasema. Mtambo wao, wenyewe wanauita seva, ulizidiwa na simu. Bosi akaamuru uzimwe na kuwashwa upya, ukaanguka kabisa. Kidole kilichobonyeza kilikuwa cha mkwe wangu, kwa hiyo lawama ikawa yake. Bosi akamwambia, "Mtambo ukianguka tena, usijisumbue kuja kuchukua vitu vyako. Tutakuletea."

"Kwani kuzima na kuwasha kuna ubaya gani?" nikamwuliza. "Mimi redio yangu kila siku nafanya hivyo."

Akacheka, mara ya kwanza wiki ile. "Seva yetu haibebi sauti, mama. Ni mshenga tu. Ukitaka kuongea na dada yako, mshenga anakwenda kumwuliza, 'Upo? Unamtaka huyu?' Akikubali mnaongea wenyewe, mshenga anakaa pembeni. Sasa wakimtuma watu elfu kumi kwa mpigo, anachelewa. Na simu haina subira. Isipojibiwa nusu sekunde tu, inatuma tena ujumbe uleule. Halafu tena. Mtu mmoja anakuwa watu saba, na mshenga anazikwa na maswali yaleyale."

"Ukimzima si anapumzika?"

"Akiamka anakuta kila simu ya mji iko mlangoni inataka kujiandikisha upya, zote pamoja. Anaanguka kabla hajavaa viatu."

"Kumbe ulijua, na ukabonyeza?"

"Bosi alisema."

"Basi wewe ni mjinga," nikamwambia. Akaendelea na vitunguu vyake, na machozi yale sijui yalikuwa ya nini.

Mwezi haujaisha, ikatangazwa asubuhi kwamba maji ya bomba yameingia sumu. Mji mzima ukashika simu: huyu anauliza hospitali, huyu anauliza ofisi ya maji, huyu anamwambia mamaye asinywe. Na siku hiyohiyo mkwe wangu kasahau miwani mezani. Mwanangu akasema atatuma mtu wa pikipiki. Nikamwambia, miguu ninayo.

Ofisi yao iko ghorofa ya nne, lifti mbovu. Nimefika nahema. Chumba kina baridi kama cha kuhifadhia maiti, mashine zinavuma ukutani, na bosi, bwana mmoja wa tai nyembamba, amemsimamia mkwe wangu kichwani.

"Zima! Zima uwashe, unangoja nini?"

"Nikizima tunaipoteza hospitali."

"Huyu mama ni nani?"

"Mama mkwe wangu."

"Atoke."

"Nimeleta miwani," nikasema, nikavuta kiti, nikakaa.

Mkwe wangu akavaa miwani. Kwenye kioo cha kompyuta kulikuwa na mstari wa hesabu ya simu, unapanda kama mtu anayekimbia mbwa. Akasema polepole, "Walioanza kuongea niwaache wamalize. Wapya nitawajibu palepale kwamba kumejaa, warudi. Huyu baada ya nusu dakika, yule baada ya dakika, wasije wakarudi pamoja. Hospitali na ofisi ya maji tu ndio watapita moja kwa moja."

"Na kampuni ya bima? Mteja mkubwa kuliko wote! Uwaambie kumejaa?"

"Na wao."

"Wewe unataka kufukuzwa?"

"Sitaki," akasema. "Lakini sizimi."

Bosi akanyoosha mkono azime mwenyewe. Mkwe wangu akafunika kitufe kwa kiganja. Nami nilishaanza kunyanyuka na mwavuli wangu, Mungu anisamehe. Hapo simu ya bosi ikalia mfukoni. Mkubwa wake. Akatoka nje kuomba radhi.

Kimya chake chote mkwe wangu akakimwagia kwenye vile vitufe. Sijawahi kuona vidole vinakwenda hivyo. Mstari ukapanda bado. Ukapanda. Ukasimama. Tukautazama wote wawili. Ukashuka kidogo, kama mtu anayeogopa ngazi, halafu ukashuka kweli.

Akapiga namba ya hospitali, akaweka sauti ya juu. Ikaita mara mbili.

"Mapokezi, nikusaidie nini?"

Bosi alikuwa karudi, kasimama mlangoni. Alisikia. Akalegeza tai, akavuta kiti upande wa pili wa mkwe wangu.

"Bima wananipigia kelele. Tuwafungulie?"

"Bado."

"Lini sasa?"

"Nitakwambia."

Akangoja. Mtu mzima na tai yake, akangoja. Nikawaaga, nikateremka ngazi zangu.

Barua ya kumfukuza haikuja. Sifa nazo hazikuja, ila siku hizi kukiwa na jambo la mtambo ule, bosi mwenyewe anamwuliza yeye kwanza.

Mwanangu aliporudi jioni ya siku ile ya maji nikamwita pembeni. "Mkeo ni mkaidi," nikamwambia. "Nilikuwa nataka uoe mpole."

"Tena umeanza, mama."

"Sijaanza kitu. Nasema nashukuru hukunisikiliza. Sasa nenda kapike, mwenzio amechoka."

Akanitazama kama nimeongea Kichina. Lakini alikwenda.