Kidole cha Tumwagile

Hakuna aliyemlazimisha Scholastica kuwa mhudumu wa mradi. Alijipalia makaa mwenyewe. Mwaka wa sita huu alikuwa akipanda na kushuka milima ya Lumuma, akikusanya barua za watoto wanaosomeshwa na wafadhili wa ng'ambo. Akishazikusanya huzitafsiri kwa Kiingereza chake cha sekondari ya misheni, kisha huteremka nazo hadi Kidete kupanda treni ya kwenda ofisini Kilosa. Malipo yake yalikuwa shukrani, na tangu lini shukrani ikaunga mboga? Magoti yalimuuma. Alichoka kuandika "namshukuru Mungu mimi ni mzima" mara arobaini kwa mwaka.

Chini ya kila barua ilitakiwa kuchorwa kiganja cha mtoto, ili mfadhili aone anavyokua.

Mwaka huo wa 1993, alipofika kwa Bibi Magreti, mjukuu wake aliye kwenye mradi hakuwepo. Tumwagile, mwenye miaka kumi na minne, alikuwa ameondoka tangu mavuno kwenda Mikumi, kuosha vyombo kwa mama ntilie mmoja pale barabara kuu. Aliyekaa mkekani na kunyoosha mkono alikuwa mdogo wake, Yudith, wa miaka kumi na mmoja.

"Bibi, huyu siye."

"Najua siye, mwanangu. Macho bado ninayo."

Sheria ya mradi wote wawili waliijua. Mtoto akihama kijiji, faili lake linafungwa na nafasi inakwenda kwa familia nyingine.

"Sare ya huyu inatoka kwenye jina la yule," bibi akasema. "Ukilifuta, kesho na huyu yuko Mikumi. Siku hizi shule mchango, zahanati mchango. Mimi nichange nini, mvi?"

Scholastica alitaka kukasirika, lakini hata hasira inataka nguvu, naye alikuwa ametembea tangu alfajiri. Alitoa mkobani nakala ya barua ya mwaka uliopita, akaulinganisha mkono wa Yudith na mchoro wa dada yake. Ulikuwa mdogo, na hakuna mtoto anayekua kinyumenyume. Basi akailaza kalamu kwa nje na kuizungusha polepole mbali na ngozi, kidole baada ya kidole, mpaka mkono ukatoka wa binti wa miaka kumi na minne. Aliutazama akaridhika, halafu akaona aibu kwa kuridhika kwake.

Barua ikaenda. Miezi mitano Scholastica aliishi roho juu, kila akiitwa ofisini akidhani ndiyo yamefichuka. Jibu lilipofika, alipanda nalo mlima hadi kwa Bibi Magreti, akakaa, akaanza kulisoma kimya kama desturi yake. Katikati akasita.

"Amejua?" bibi akauliza.

"Subiri, bibi."

Tumwagile alipokuwa na miaka saba, kidole chake cha mwisho kilipondwa na mchi, kikaunga kikiwa kimepinda. Miaka yote Scholastica alikichora hivyo hivyo kimepinda. Mfadhili, mama mzee aitwaye Edna, aliwahi kuuliza, naye akamweleza. Safari hii alihangaika na ukubwa wa mkono, kidole akakisahau.

Akatafsiri kwa sauti:

"Mwanangu mpendwa, nimeuweka mkono wako juu ya ule wa mwaka jana, nikalia kwa furaha. Kidole chako kimenyooka! Nimekiombea kila siku tangu uliponiambia. Mimi ni mzee, na maombi yangu mengi sikuona yakijibiwa. Hili nimeliona."

Yudith alikitazama kidole chake kilichonyooka tangu azaliwe, akakificha ndani ya kiganja. Bibi Magreti alijifuta uso kwa upindo wa kanga. Scholastica alihisi uchovu wa miaka sita ukimshukia wote kwa pamoja. Aliona ni afadhali wangekamatwa.

"Sasa tumjibu nini?" akauliza, akitoa karatasi mpya.

Bibi aliushusha upindo wa kanga.

"Mwambie tunashukuru. Halafu muulize, hayo maombi yake, kama anaweza kumwombea na yule wa Mikumi."

Scholastica aliandika kwamba wanashukuru. Lile la pili hakuweza kuliandika. Akamwambia Yudith alete mkono, akailaza kalamu kwa nje.