Vifungo Vilivyoganda

Greta Tollefson alikuwa ameficha kipulizio cha tarumbeta kwapani, ndani ya koti, kisigande. Timu ya hoki ya shule ilikuwa karibu kuingia kwenye uwanja wa barafu, na wimbo wa shule huanzwa na tarumbeta yake peke yake. Kwenye jukwaa la ng'ambo, wapinzani walikuwa wameshaimba wa kwao, tena kwa kishindo.

"Unatetemeka, dada. Baridi au woga?" Wyatt alimtania. Yeye ndiye mpiga ngoma, na alikuwa amejipaka bluu uso mzima.

"Niache, na sura yako kama ya maiti."

"Hii rangi ya shule, bwana."

Greta akachomeka kipulizio, akabonyeza vifungo vya tarumbeta. Hakikushuka hata kimoja. Vyote vilikuwa vimeganda. Akavipulizia pumzi ya moto, akavifikicha kwa glavu. Wapi! Lango likafunguliwa, wachezaji wakamiminika.

Bila vifungo, tarumbeta hubaki na sauti chache tu, na wimbo wa shule haupigiki kwa hizo. Greta akapuliza hizo chache, kama mlio wa kuamshia askari kambini. Jukwaa zima likamgeukia.

"Ndiyo nini hiyo?" Wyatt akanong'ona.

"We piga tu," akamjibu, akapuliza tena zilezile. Ngoma ikamfuata.